Kitanda cha Mfumi

Fundi wa Keko aliniuliza godoro ni la inchi ngapi.
Nikamwambia ni kitanda, ndiyo, ila cha mfumi:
miguu minne, boriti ya mbele, boriti ya nyuma,
na katikati pawe wazi.
Akachora kwa penseli juu ya kipande cha mninga,
akalikuna sikio.
"Sasa kaka, hapo katikati utalala vipi?"

Kimekaa sebuleni kwangu, Tabata,
mahali palipokuwa na kochi.
Shemeji zangu wakija husimama.

Jumamosi nne nilikwenda kwa Bi. Ndeshi, Kijitonyama,
nyuma ya duka la mabomba na koki.
Tulikuwa watatu: daktari wa meno,
binti aliyeachishwa kazi kampuni ya simu,
na mimi, karani wa bima,
mtu wa kupima ajali za wenzake kwa rula.
Hatukuanza kufuma. Tulianza kutanda.
Nyuzi mia mbili na arobaini,
uzi mmoja mmoja, kila mmoja na tundu lake kwenye chanuo,
feni imezimwa kwa sababu upepo huchanganya mtande,
na joto la Februari linatiririka kidevuni.
Nilipofika mia na tisini umeme ukakatika.
Bi. Ndeshi akawasha tochi ya simu, akaing'ata kwa meno,
tukaendelea.

Halafu ndiyo: kanyaga, pitisha, piga.
Kanyaga, pitisha, piga.
Mguu wangu wa kushoto una mawazo yake binafsi.
Pindo likaenda kama mlevi anayerudi kutoka Sinza,
hapa limebana, pale limetanua.
"Usivute," aliniambia. "Mshindio si deni.
Uache ulale kwanza, ndipo uupige."

Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo, Ubungo,
miaka kumi na tisa, mingi ikiwa zamu ya usiku.
Alirudi alfajiri na pamba kwenye nyusi
akitusalimia kwa kelele
kana kwamba tumesimama ng'ambo ya barabara.
Mashine zilimla masikio, kidogo kidogo,
na hakuna karani aliyekuja na rula.

Nilimpelekea kitambaa cha kwanza, Manzese,
nimekifunga kwenye gazeti.
Bluu na rangi ya maziwa, hakifiki hata mita.
Alikigeuza upande wa nyuma kwanza.
"Umenunua wapi?"
Nimefuma.
"Wamekulipa shilingi ngapi?"
Nimelipa mimi, Mama.
"Eeh?"
Nikapaza sauti, jirani akachungulia dirishani:
NIMELIPA MIMI!
Alicheka mpaka kanga ikamporomoka begani.
Akamwita jirani aje aone
mtu anayetoa hela ili afanye kazi.

Kisha kidole gumba chake kikaanza kutembea,
macho yake yako kwenye sufuria jikoni,
kidole kinapita, kinapita, kikasimama.
"Hapa nyuzi mbili zimeingia tundu moja."
Nikainama. Sikuona kitu.
Nikainua kitambaa kwenye mwanga:
mstari mwembamba, kama mshono wa jeraha,
kutoka mwanzo hadi mwisho.
"Kosa la kutanda hilo," alisema. "Ukifuma unalifuata tu."
Akakitandika chini ya redio
ambayo hasikilizi.

Jumapili iliyopita alikuja Tabata mwenyewe.
Hakuulizia kochi.
Uzi wangu ulikuwa umekatika; akaunga kwa mkono mmoja,
fundo dogo kuliko chembe ya mtama,
wa pili umeshika kikombe cha chai.
Nikakaa. Nikakanyaga, nikapitisha, nikapiga.
Akaweka kikombe sakafuni,
akaja akasimama upande wangu,
akabandika kiganja juu ya boriti ya mninga
ili mshindo umfikie.
Nikapiga. Akafumba macho.

"Tena," akasema,
kwa ile sauti ya zamu ya usiku,
majirani wote wakasikia.